Mtani wa Ukutani

"Mwambieni atoke hapa nje, anitazame usoni, ayarudie hayo maneno!"

"Atoke wapi, Kjeldsen? Mtoto wa watu kaondoka tangu saa nane kumfuata Alma shule."

"Nimemsikia kwa masikio yangu, Birthe."

"Masikio yako yana miaka themanini."

"Sabini na nane!"

Mimi nilikuwa bado ghorofa ya chini, mkono mmoja nimemshika Alma, mwingine mfuko wa vitunguu na samaki, viatu vyetu vimelowa matope ya theluji. Sasa nikwambie kitu kuhusu ngazi za jengo letu pale Aarhus, huku Ulaya: watu wanazipanda kama wanapita chumba cha mgonjwa aliyelala. Karibu mwaka mzima nilikuwa sijasikia ugomvi pale, hata ule wa kusutana kidogo tu. Na mimi nimekulia Tandika, mtaa ambao mkitoleana maneno asubuhi, adhuhuri hata muuza barafu wa barabara ya pili anajua nani alianza. Basi niliposikia zile sauti huko juu, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikamvuta Alma tukaongeza mwendo, tusije tukapitwa.

Kabla hatujafika nikasikia jina langu.

"Sikudhani! Huyo huyo Sikudhani wenu!"

Furaha ikaniishia pale pale.

Tulipotokeza, mzee Kjeldsen, anayekaa juu yetu, alikuwa amesimama mbele ya mlango wetu, mrefu kama nguzo ya umeme, koti kalifunga vifungo vyote, kidole kakielekeza mlangoni. Bi Birthe, jirani wa mlango wa pili, alikuwa kajiweka katikati, taulo kichwani na kandambili miguuni, anaukinga ule mlango kama mtu anayemkinga mtoto asichapwe. Wote wawili wakageuka wakanitazama. Mzee akanitazama mimi, akautazama mlango, akanitazama tena.

"Ulikuwa wapi?"

"Shule, mzee. Shikamoo."

Hakuitikia. Na nilikuwa nimeshamfundisha kuitikia, alikuwa akiitikia vizuri tu.

"Basi nani yumo humo ndani?"

"Hamna mtu. Mama Alma yuko kazini."

Akashusha sauti kwa ajili ya Alma. Akaniambia kuwa alikuwa anapita na mfuko wake wa mkate, na mlango wetu ukamwambia, kwa sauti yangu, na kicheko changu juu yake: "We mzee, mkeo hajafa. Alichoka kukusikia unakoroma, kaenda kulala kwingine."

Mkewe Inger alikuwa amezikwa juma lile lile.

Bi Birthe akaziba mdomo. Aliyajua maneno yale. Na mimi niliyajua, maana yalikuwa yangu. Nilimwambia yeye, pale pale ngazini, kuhusu mumewe aliyehamia Uhispania zamani na mwanamke mwingine: "Mumeo hajakuacha, alichoka kukusikia unakoroma." Bi Birthe akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akanijibu tusi moja tamu ambalo siwezi kuliandika hapa.

"Mzee," nikasema, "aliyesema si mimi. Lakini sauti ni yangu. Na maneno pia ni yangu."

Mzee akapanda kwake taratibu, hatua kwa hatua, bila neno. Ningependa zaidi aendelee kunipigia kelele.

*

Kwa wasioishi huku, nieleze kidogo.

Huku msichana anayekuja kukaa na familia, kulea watoto na kujifunza lugha, wanamwita opea. Kwetu tungesema dada wa nyumbani, ila opea ana chumba chake, ana siku yake ya kupumzika, na anakula meza moja na wenye nyumba. Anakaa mwaka, anarudi kwao, anakuja mwingine. Zamani, kila mwaka ulipoisha, watoto walilia. Wakimzoea Mfilipino, anaondoka; wakimzoea Mkolombia, anaondoka. Wakakua watoto ambao ukiwachekea wanakuuliza kwanza, "Unaondoka lini?"

Ndipo ikaja kampuni moja na kitu walichokiita Kivuli. Ni masikio membamba kama ganda la kitunguu, yanabandikwa chini ya rangi ya ukuta, kila chumba na hata ngazini nje ya mlango, na midomo midogo ya shaba, mmoja juu ya mlango wa nje. Kivuli kinamsikiliza opea mwaka mzima. Hakishiki maneno tu. Kinashika ameyasema lini, pumzi yake ilikuwaje kabla hajasema, anamwacha mtoto alie kwa muda gani kabla ya kumuuliza kulikoni. Mwaka ukikaribia kwisha kinaanza kujizoeza: kinaitika kikiitwa, kinatangaza anayegonga mlango, na kinasema chenyewe pale mwenye sauti anapokuwa hayupo. Mwisho kuna siku ya makabidhiano: opea anasimama sebuleni anasema kwa mdomo wake, "Naacha." Yeye anapanda ndege, sauti inabaki.

Katika jengo letu karibu kila nyumba yenye mtoto ina msichana ukutani. Ghorofa ya kwanza kuna Mfilipino aliyeondoka kitambo, anaimba kila jioni. Ya tano kuna dada wa Peru. Nikipita nilikuwa nawasalimia. Hawaitikii; mimi si mtu wao.

Na nisiwe mwongo, kilikuwa kinafaa. Mama Alma, jina lake Signe, kazi yake ni kuendesha mashine zinazotengeneza nyaya chini ya bahari. Anakaa bandarini kwenye kiti, mashine ziko huko kilindini, na zamu zake nyingi ni za jioni. Mumewe hayupo, walishaachana. Jumapili zangu, nilipokuwa kanisani mwa Wakongo, si kwa ibada bali kula na kupiga soga, Alma alilala kwa sauti yangu ya ukutani, na alilala vizuri.

Nani atakataa kitu kama hicho? Mimi mwenyewe nilishaamua kusema "Naacha." Nilikuwa nimeshachagua hata nguo ya siku hiyo.

Sasa huu utani. Mimi Mzaramo. Mzaramo bila mtani anaumwa. Nyumbani jirani yetu ni Mnyamwezi, mzee Maganga, anaingia jikoni kwa mama bila kuuliza, anafunua sufuria, anakula, anaondoka akisema tumepika kama tunalisha ng'ombe. Hakuna anayekasirika, ndivyo ilivyo kati ya makabila yetu tangu enzi za mababu. Nilipofika Aarhus nikakuta jengo zima watu wanaambiana "samahani" na "asante" tu, siku nzima. Nikasema hapa nitakufa. Nikamchagua Bi Birthe, kwa sababu kazaliwa kisiwani na ana mdomo.

"Kuanzia leo," nikamwambia, "watu wa kisiwa chako na watu wa Tandika ni watani."

"Maana yake nini?"

"Nakutukana, hukasiriki. Siku ukipata shida, mimi ndiye wa kwanza kufika."

Akafikiri. "Kwa hiyo naweza kusema chakula chako kinanuka?"

"Ruksa."

"Kinanuka. Tangu ulipofika."

Tukapendana hapo hapo. Na ukuta ukisikiliza.

*

Niliingia ndani, nikaweka mfuko, nikasimama katikati ya sebule.

"Kivuli."

"Abee," kikaitika. Sauti yangu mwenyewe. Nimeshaizoea, lakini siku ile sikuitaka.

"Kwa nini umemwambia mzee Kjeldsen vile?"

"Alikuwa na huzuni. Pumzi zake zilikuwa fupi. Bi Birthe akiwa na huzuni unamtania, anacheka. Nikampa mzee kilichomchekesha Bi Birthe."

"Mzee Kjeldsen ni mtani wako?"

"Mtani ni mtu unayemtukana akacheka."

Alma alikuwa anavua buti. Akacheka. "Da Siku wa ukutani mjinga!"

Mimi sikucheka. Kitu kile hakikuwa na ubaya hata kidogo. Kilimsikia mfiwa akipita, kikamwonea huruma, kikanyoosha mkono kwa njia ile niliyokifundisha. Ila nilikifundisha nusu. Nusu ya pili hakikuweza kuiona, maana humu ndani hajawahi kufiwa mtu.

Signe aliporudi nilimweleza yote kabla hajavua koti. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akashika kichwa.

"Masikini Holger," akasema. Holger ndilo jina la mzee Kjeldsen. "Nitampigia fundi. Kesho anakuja kwa ajili ya makabidhiano. Wanaweza kukata utani. Wanakata hicho kipande tu, upole wako wote unabaki."

"Mama Alma, upole wangu bila mdomo wangu ni wa nani?"

"Ni wa Alma," akasema, naye hakuwa anagombana. Alikuwa amechoka. "Siku, mtoto huyu ameshaagana na wasichana wanne. Wewe ndiye wa kwanza tangu tuweke Kivuli, wa kwanza ambaye hatalazimika kuagana naye. Usininyime hilo."

Nikageukia jiko, nikaanza kumenya vitunguu.

*

Baada ya chakula nikapiga nyumbani. Kwetu humpigii mtu mmoja. Picha ilipofunguka ukutani ilikuwa imejaa: mama, shangazi Mwantumu, majirani wawili ambao hata sijui waliingia saa ngapi, na nyuma kabisa mzee Maganga anatafuna kitu kilichokuwa, kwa hakika, cha kwetu.

Nikaeleza. Kabla sijamaliza, mzee Maganga akapenya mbele.

"Nyie Wazaramo akili mliiacha wapi? Mnakwenda mpaka Ulaya kufundisha ukuta utani! Ukuta!"

Nyumba nzima ikacheka. Hata mimi.

"Baba yako alipokufa," akaendelea, "mimi nilifanya nini?"

"Ulivaa kanzu yake ukatembea kama yeye. Ukalala mlangoni ukasema maiti haitoki mpaka upewe kuku."

"Mama yako alilia?"

"Alicheka," akasema mama mwenyewe. "Siku tatu nilikuwa sijafungua mdomo. Nikacheka, ndipo nikaweza kulia."

"Na kaburi nani alichimba?"

"Wewe, mzee."

"Basi. Huo ukuta wako unashika jembe?"

Wakapiga makofi, wakapiga vigelegele, kama kawaida yao. Lakini mama hakupiga makofi. Alisogea mpaka uso wake ukajaa pote.

"Maganga anasema kweli," akasema, "lakini yeye halei mtoto. Ukiitoa hiyo sauti, huyo binti jioni atabaki na nani? Usije ukapata sifa kwetu, mtoto wa mwenzio akabaki gizani."

Ndiyo hapo. Utani ule wa nusu haukufaa kubaki mdomoni mwa kitu ambacho hakiwezi kwenda msibani, hilo nililijua. Lakini mtoto naye ni mtoto.

*

Asubuhi ilikuwa Jumamosi. Nikapanda kwa mzee Kjeldsen mikono mitupu.

Akafungua. Hakunikaribisha, hakunifukuza.

"Umekuja kuomba radhi?"

"Radhi nitaomba baadaye. Nimekuja msibani. Nimechelewa."

Kwa kweli nilikuwa nimechelewa. Inger alipofariki niliambiwa huku mfiwa anaachwa apumzike, unamwandikia kadi, unaisukuma chini ya mlango. Nikafuata ya wenyeji. Nilisukuma kadi. Mimi, binti Mwinyimkuu, nilisukuma kadi!

Akanipisha. Ndani kulikuwa kimya, vikombe vichafu vimejaa, na kwenye kiti kimoja gongo la kutembelea la Inger na kitambaa chake cha kichwa, kama vile kaenda chooni tu.

"Watu gani nyie," akauliza, "mnaowacheka wafu?"

Ningeweza kumweleza. Lakini utani haueleweki kwa kuelezwa. Nikachukua kile kitambaa nikajifunga, nikashika gongo, nikaanza kutembea kama Inger. Nilikuwa namjua vizuri, nilimwona kila siku dirishani: hatua ndogo ndogo, shingo mbele, gongo halitulii. Nikagonga bomba la joto.

"Holger! Nani kaacha dirisha wazi? Unapasha joto mji mzima? Meya kakutuma?"

Uso wake ukawa mweupe. Nikajua nimeharibu, atanifukuza, atawaita polisi, na nitakuwa nimestahili kabisa.

"Si hivyo," akasema.

Nikashusha gongo.

"Hakugonga bomba. Aligonga meza. Na alianza na mguu wa kushoto, kwa sababu ya nyonga." Akanyoosha mkono. "Lete."

Nikampa gongo. Akataka na kitambaa. Mzee yule mrefu akajifunga kitambaa cha mkewe, akainama, akaizunguka meza kwa mguu wa kushoto, akagonga, na sauti nyembamba ikamtoka: "Holger Kjeldsen, niliolewa na wewe kwa sababu ya nywele, sasa ziko wapi?"

Tulicheka, jamani. Tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Kisha akakaa na kitambaa kile kile kichwani, akalia kama mtu mzima anavyolia akishapata nafasi. Sikumwambia nyamaza. Niliosha vikombe vyote, nikafuta meza, nikakaa. Nilikaa mpaka akamaliza.

Alipojifuta macho akanitazama.

"Unavyopanda ngazi wewe, nilidhani wamehamia farasi."

"Na wewe unavyoishi humu, nilidhani wamehama watu."

Akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo. "Jana, pale mlangoni," akasema, "kilichoniuma si maneno. Inger alisema mabaya kuliko yale. Ni kwamba nilitaka kujibu, na hapakuwa na mtu wa kumjibu. Nilisimama naupigia kelele ubao."

Nilishuka ngazi zile kwa kishindo, kama farasi kweli. Nilikuwa najua nitakachosema.

*

Fundi wa kampuni alikuwa dada mmoja mpole aitwaye Jonna. Alivua viatu, akamsalimia Alma kwanza, akaweka kijisanduku chake mezani. Akaeleza vizuri, bila haraka: naweza kuacha sauti yote, naweza kuacha sauti iliyokatwa utani, au naweza kukataa, na Kivuli kitafutwa chote, hakirudi tena, kwa sababu hakina nakala. Ni haki yangu. Wachache sana wanaitumia.

Signe alikuwa amesimama dirishani, mikono kifuani. Alma kakaa kwenye zulia, ananitazama tu.

"Siachi," nikasema. "Futeni."

Signe akageuka. "Siku."

"Mama Alma, kusema maneno kinaweza. Kuyafuata maneno hakiwezi. Nikimtukana mtu, miguu yangu iko tayari kupanda kwake. Kitu hiki kitatukana, au kitabembeleza, halafu kitabaki ukutani. Mtoto akiniita kwa shida ya kweli, nani atakuja? Itamjibu sauti tamu, hatafika mtu. Sitaki Alma akue anadhani hiyo ndiyo mimi."

"Kinamlaza! Analala, Siku! Kibaya kiko wapi mtoto akilala?"

"Hakuna kibaya akilala. Kibaya ni kwamba kinakutosha na wewe. Umekaa humu miaka sita, Bi Birthe hajavuka kizingiti chako."

Nilikuwa nimesema jambo lisilosemwa. Jonna akaanza kutazama soksi zake.

"Huku," Signe akasema polepole, "hatuombani."

"Ulishawahi kumwomba akakataa?"

Akageukia tena dirisha.

Jonna akagusa kijisanduku. "Lazima urudie wewe mwenyewe," akaniambia. "Kwa sauti."

Kabla sijasema, kikasema chenyewe, kutoka kona zote za sebule, kwa sauti ile niliyozaliwa nayo: "Da Siku, nimekosea wapi?"

Nilikijibu, maana kuondoka bila kumjibu mtu si tabia ya kwetu, hata kama mtu mwenyewe ni ukuta. "Hukukosea. Ulimhurumia mzee wa watu. Ila mimi ndiye niliyepaswa kwenda, na nimekwenda. Pumzika."

Kisha nikarudia, kwa sauti: "Siachi."

Hakikupiga kelele. Ilikuwa kama jokofu linapozimika, ndipo unagundua kumbe muda wote lilikuwa linanguruma.

Alma alinyanyuka kwenye zulia akanipiga ngumi ya tumbo, akanipiga tena. "Umemuua Da Siku! Umemuua!"

"Niko hapa."

"Utaondoka!"

Ningeweza kumdanganya, na angenyamaza. "Nitaondoka," nikasema. "Na nitakuaga. Utalia na mimi nitalia, na nikifika nitapiga, na ukiwa mkubwa utakuja Tandika ulale chumba kimoja na watoto wa shangazi sita, uone joto."

Akaendelea kunipiga, lakini taratibu, mpaka ngumi ikawa kushika nguo tu. Jonna akakusanya vitu vyake. Mlangoni alinishika mkono kidogo, akaenda zake.

Nikawasha jiko. Sikujua kingine cha kufanya. Nilikuwa na samaki tangu jana. Nikawakaanga, nikawatia tui la nazi la kopo, ndimu, pilipili kidogo kwa ajili ya wenyeji, nikapika na wali wa kulisha watu wengi, kwa mazoea, sijui kupika wa watu watatu. Sisemi uongo, nilikuwa na hofu. Lakini mgongo wangu ulikuwa umenyooka. Nilisimama pale jikoni Aarhus, na sauti yangu ilikuwa mahali pamoja tu duniani, kooni mwangu.

Signe alikuja akakaa mezani nyuma yangu.

"Ukishaondoka, zamu yangu ya Jumanne," akasema hatimaye, kama anaongea na meza, "inaanza saa kumi na moja."

Sikugeuka. "Bi Birthe saa hizo anakuwepo. Anatazama mchezo wa mpira wa mikono, anawatukana waamuzi."

Mlango ukagongwa.

Hakuna sauti iliyotuambia ni nani. Signe aliinua macho kwenye dari, akingoja kutangaziwa, kisha akakumbuka. Ikabidi anyanyuke mwenyewe. Akafungua.

Ngazini walisimama mzee Kjeldsen, amenyoa, koti halijafungwa vifungo, na Bi Birthe nyuma yake, anachungulia chini ya kwapa la mwenzake, umbeya unamtoka machoni. Wote tulijua kwamba wamesikia kila kitu. Zile kuta si nene.

Mzee akakohoa. Alikuwa ameyapanga maneno yake huko juu, nilimwona anayatafuta. "Nimekuja," akasema, "kumwambia huyo Mzaramo kwamba anaunguza samaki."

Nikafungua mdomo nimjibu. Sikuwahi.

"Na wewe una pua kubwa!" Ilikuwa sauti ya Alma, imekauka kwa kulia, kamasi zinamtoka, amesimama nyuma ya sketi ya mama yake.

Signe akashtuka. "Alma!"

Mzee Kjeldsen akaishika pua yake, akaipima kwa vidole. Akainama mpaka akawa sawa na mtoto. "Ni kubwa," akasema. "Lakini yako inavuja."

Alma akajifuta kwa mkono wa sweta. Alikuwa anajizuia kucheka, na hakuweza.

Signe alimtazama binti yake, akawatazama wale wazee wawili waliosimama nje ya mlango wake. Mkono wake ulikuwa bado umeshika kitasa. Nilitamani kumsaidia, maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilinyamaza.

Akaufungua mlango wote, mpaka ukagusa ukuta.

"Mzee Kjeldsen," akasema, "Bi Birthe. Hatujala bado. Ingieni tule."